Ufa kwenye Shingo ya Gitaa

Habari za gitaa lile zilinifikia kwa simu, katika kundi la wanakwaya wa kanisa letu. Mmoja wetu mwenye jamaa Burnt Forest aliweka picha: gitaa la rangi ya asali limeegemezwa kwenye kochi lenye kitambaa cheupe cha kufuma, na chini yake bei na maneno machache. Mwalimu mstaafu anauza. Limetunzwa vizuri. Niliitazama picha ile wakati wa mapumziko ya saa nne, wanafunzi wangu wa gredi ya sita wakipiga kelele uwanjani. Nikaitazama tena baada ya chakula cha mchana. Jioni, nikiwa nyumbani kwangu mtaa wa Munyaka, Eldoret, niliikuza kwa vidole mpaka nikawa naona rangi tupu.

Sikuwa mtu wa kununua vitu ovyo. Lakini niliwahi kuwa na gitaa. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mtawa mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliniachia lake, na nilipoolewa nikaja nalo katika nyumba ya mume wangu. Mwaka wa pili wa ndoa nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amesimama sebuleni, mikono kiunoni. Akaniambia tumeibiwa. Redio, blanketi mbili na gitaa. Nililia sana siku hiyo. Yeye alinipa pole, akamtuma mtoto wa jirani aninunulie soda, na baada ya hapo hatukulizungumzia tena.

Niliishi na habari hiyo zaidi ya miaka ishirini. Mume wangu alipofariki, wifi yangu alikaa na wageni matangani akiwasimulia jinsi kaka yake alivyokuwa mkarimu. Akasema, "Hata gitaa ya nyumbani alimpa rafiki yake aanze bendi." Alilisema kwa mapenzi, akidhani najua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye godoro, leso begani, na watu wakaniangalia nitabasamu. Nikatabasamu. Blanketi sijui zilikwenda wapi.

Kwa hivyo Jumamosi moja, miaka mitatu baada ya mazishi yale, nilikwenda Burnt Forest kuona gitaa.

Mama wa nyumba alinipokea barabarani, amejitanda shuka kwa sababu ya baridi. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa kutembea haraka, na njia nzima aliniuliza maswali ya kawaida tu: nafundisha wapi, watoto wangu wako wapi, mvua ya kwetu ikoje. Kuhusu gitaa hakuuliza hata moja. Nilidhani ni adabu, kwamba anamwachia mwenye mali aseme mwenyewe.

Mwenye mali alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Nilijua kutoka kwa yule wa kundi letu kwamba alipata kiharusi mwaka uliotangulia. Maneno yake yalitoka polepole lakini yalieleweka. Ni mkono wa kushoto uliokuwa na shida. Ulilala juu ya paja lake, kiganja juu, kama kitu alichopewa amshikie mtu.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Kaa hapo nikuone. Wewe ndio unataka kununua gitaa yangu?"

"Nimekuja kuiona kwanza, Mzee."

"Ona. Hata ukitaka kuinusa, nusa."

Alicheka, nami nikacheka, nikampenda hapo hapo. Alinieleza kwamba alifundisha nyimbo kwa gitaa lile katika shule tatu. Akaniambia habari ya ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, alipoambiwa na jirani kwamba wana muda mfupi tu wa kutoka. "Watu walibeba magodoro. Wengine masufuria. Mimi nilibeba huyu mama kwa mkono mmoja na hii gitaa kwa mkono mwingine. Tulilala uwanja wa kanisa wiki nyingi. Nyumba ikaenda, ng'ombe wakaenda. Gitaa haikupata hata mkwaruzo." Akaupiga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima. "Hii haijawahi kuanguka. Hata siku moja."

Mkewe alikuwa akipanga vikombe mezani. Alikigeuza kimoja, akakigeuza tena.

Nililichukua gitaa mapajani. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa kabisa. Niliangalia tumbo lake, mbele na nyuma, nikagonga mbao kwa kidole kama nilivyofundishwa zamani. Lilikuwa safi. Kisha nikapitisha kidole gumba nyuma ya shingo kutoka chini kwenda juu, na pale shingo inapokutana na kichwa, kikakwaruzwa na kitu. Nikakirudisha. Kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umezunguka shingo nusu, na vanishi ya mahali pale iling'aa kuliko kwingine.

"Kaza nyuzi ucheze," Mzee akasema. "Gitaa haijulikani kwa macho."

Kabla sijagusa chochote, mkewe akasema, "Mwalimu, kuja kwanza unisaidie na chai."

Jiko lilikuwa nje, nyuma ya nyumba. Maziwa yalikuwa motoni na hayakuhitaji msaada wa mtu yeyote. Alifunga mlango wa mabati, akabaki ameushika.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona, Mama."

"Ni mimi." Alizungumza kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu aliyejisomea maneno hayo mara nyingi. "Siku Mzee alianguka, walimpeleka hospitali huko Eldoret, wakasema nilete kadi ya bima. Nikarudi mbio. Kadi zake zote huweka kwa briefkesi juu ya kabati, na gitaa ilikuwa juu ya briefkesi. Nikavuta. Ikashuka yote. Kichwa ikakatika karibu yote, ikashikwa na nyuzi tu. Nikaiacha hapo kwa sakafu nikaenda."

"Na nani aliitengeneza?"

"Fundi wa viti hapa sokoni. Alipaka gundi, akapaka vanishi. Mzee wakati huo hakuwa anaongea. Daktari alikuwa ananiambia nijitayarishe." Akaachilia mlango, akapunguza moto chini ya maziwa. "Halafu akarudi nyumbani. Kila siku nasema kesho nitamwambia. Hajui kwa sababu hawezi kuishika. Angeishika mara moja angejua."

Nilimuuliza kama gitaa linaweza kukazwa nyuzi. Alisema fundi wa viti alimwambia wasikaze sana.

"Usiseme, Mwalimu," akasema. "Ukitaka nunua, ukikataa kataa. Lakini usiseme."

Tulirudi, yeye na birika, mimi na sukari. Mzee alikuwa akinisubiri.

Nilianza kukaza nyuzi, moja baada ya nyingine, kichwa nimekiinamisha upande wa shingo nikisikiliza kama mbao zitalia. Nilikaza mpaka nyuzi zikaanza kusema kitu, nikaishia hapo, chini kabisa ya mahali zilipostahili kuwa. Nikacheza mistari mitatu ya wimbo wa kanisani. Sauti ilikuwa nzito, yenye joto, nzuri kuliko nilivyotarajia, na hilo lilinitia uchungu zaidi.

Mzee alikuwa amefunga macho. "Umeiacha chini," akasema.

"Sauti yangu iko chini, Mzee. Naimba hapo."

"Hata kama. Panda kidogo tuisikie ikicheka."

Nilimtazama mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mkate, hasogei. Nikasema vidole vyangu vimezoea chaki, vitauma, nitacheza vizuri siku nyingine. Mzee alifungua macho akaniangalia kwa muda. Hakusisitiza. Nikanywa chai, nikasema nitafikiria, nikaondoka.

Mjini Eldoret kuna mzee mmoja anayetengeneza spika, vinanda na magitaa ya makanisa katika kibanda nyuma ya maduka ya vipuri. Jumatatu baada ya shule nilimwendea, nikamweleza bila kutaja ni gitaa la nani. Alinisikiliza akiwa na waya mdomoni.

"Kama aliyelitengeneza alitumia gundi sawa na akabana vizuri, litakaa miaka," akasema. "Kama alipaka tu juu juu, siku utakayokaza, kichwa kitakurukia usoni. Kwa macho huwezi kujua. Mimi singenunua."

"Na likiletwa kwako?"

"Nitafungua pale, nisafishe gundi ya zamani, nianze upya. Inawezekana. Lakini wewe utakuwa umelipa gitaa zima halafu unalipa tena kutengeneza lililovunjika. Mwambie mwenyewe apunguze."

Hapo ndipo mambo yaliponikwamia. Kupunguza kungetaka sababu, na sababu nilikuwa nimeombwa nisiiseme.

Jumatano Mzee alinipigia simu. Aliuliza habari za shule, habari za mvua, kisha akasema anajua mishahara ya walimu, yeye mwenyewe aliila maisha yake yote, na kwa hivyo amepunguza. Nilimwambia ahsante, bado nafikiria. Ijumaa akapiga tena. Alipunguza zaidi. Sauti yake ilikuwa na unyonge ambao siku ile ya kwanza sikuusikia.

"Mwalimu, niambie tu. Wewe ni mtu wa kanisa. Iko na shida?"

Nilikuwa nimesimama kando ya ubao, daftari za wanafunzi kifuani. "Hapana, Mzee," nikasema. "Ni mimi tu najipanga."

Nilipokata simu nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi wa mbele. Mzee alidhani anamsaidia mwalimu mwenzake aliyekwama, kumbe anashuka bei kwa sababu ya uongo ambao mimi sasa nilikuwa nimeushika upande mmoja na mkewe upande mwingine. Nilifikiria kununua kwa bei ya kwanza na kunyamaza. Nilifikiria kuacha kabisa. Lakini nikiacha, atakuja mnunuzi mwingine ambaye hakunong'onezwa jikoni, atakaza nyuzi, na Mzee atajua mambo yake mbele ya mgeni, kama mimi nilivyojua yangu matangani. Wiki ile nililala vibaya, na darasani nilikuwa mkali bila sababu.

Jumamosi nilirudi Burnt Forest bila kupiga simu. Nilimkuta mama akipalilia mboga kando ya ua. Nilimsalimu, nikasema kilichonileta.

"Mama, mwambie."

Alisimama, jembe mkononi. "Nikimwambia atasema nini?"

"Sijui."

"Basi kwa nini unataka nimwambie, kama hujui?"

Nikamsimulia habari yangu. Chuo, mtawa, redio na blanketi, wifi yangu kati ya waombolezaji. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote mambo hayo, hata wanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilidhani nimemgusa.

"Pole," akasema. "Lakini mume wako alitoa kitu yako kwa hiari yake akakudanganya. Mimi nilivunja nikitafuta kadi ili asikufe. Usiweke pamoja."

Alisema kweli. Nilikuwa karibu kuomba msamaha na kurudi barabarani. Lakini akatupa jembe, akajifuta mikono kwenye shuka, akaingia ndani. Nikamfuata bila kujua anakwenda kufanya nini.

Mzee alifurahi kuniona. "Mwalimu! Umekuja na—"

"Gitaa ilianguka," mkewe akasema. Hakuketi. "Ni mimi niliiangusha. Siku ile ulipelekwa hospitali. Ilivunjika kichwa nikaitengenezea."

Kuku aliingia hadi katikati ya sebule, akatoka mwenyewe.

"Niletee," Mzee akasema.

Mkewe alimwekea gitaa mapajani. Kwa mkono wake wa kulia alipapasa nyuma ya shingo, kidole gumba kikipanda polepole, mpaka kikafika. Kilibaki hapo.

"Siku ile ya kwanza?"

"Siku ile ya kwanza."

"Miezi kumi na moja." Alikuwa bado hajainua uso. "Mlinihesabu mimi nimekufa, mkaanza kunifichia vitu."

"Nilikuhesabu mgonjwa," mkewe akasema. Sauti yake ilipasuka. "Nilingoja upone."

"Na wewe." Sasa aliniangalia mimi. "Ulicheza chini. Nikakuambia umeiacha chini, ukasema ni sauti yako. Nilikuuliza kwa simu, ukasema hakuna shida. Mimi nashusha bei nikisema masikini, mwalimu hana, na nyinyi wawili mmeshaongea."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimezoea watu wazungumze kama mimi siko. Hospitali walifanya hivyo. Sikujua hata nyumbani."

Akageuza uso, akaangalia dirishani. Mkewe alikuwa analia bila sauti, shuka mdomoni. Nikajitoa mwenyewe. Njia nzima nilijiambia kwamba nimefanya jambo la haki, na kila nilipojiambia niliona uso wa yule mama.

Sikupigiwa simu kwa muda mrefu. Mahindi yalikomaa, yakavunwa, mitihani ikapita. Katika kundi la wanakwaya niliona matangazo mawili ya magitaa mengine na sikuyafungua. Nilidhani habari hiyo imekwisha, na kwamba nyumba ile nimeivuruga mimi bila kuambulia chochote.

Kisha, wiki ya kufunga shule, Mzee alipiga. Hakuuliza habari za mvua.

"Unajua fundi mzuri huko Eldoret?"

Nikasema namjua mmoja.

"Kuja uchukue gitaa umpelekee. Nitalipa mimi. Mwambie afungue yote, sitaki ya kufunikwa."

Nililichukua, nikampelekea mzee wa kibandani. Alilifungua pale pale mbele yangu kwa kisu chembamba na maji ya moto, na ndani tukaona gundi nyeupe iliyokauka vipande vipande. Alitikisa kichwa. Alikaa nalo karibu wiki tatu. Nilipokwenda kulichukua alinikazia nyuzi mwenyewe mpaka juu kabisa, nikiwa nimerudi hatua mbili nyuma. Shingo haikulia. Mahali pa ufa alipaacha bila kupaka rangi ya kufanana, kama tulivyoagizwa. Ulionekana wazi, mstari mweusi katika mbao za kahawia.

Niliporudisha gitaa Burnt Forest, Mzee alinitaka nikae nicheze. Nikacheza wimbo ule ule wa kanisani, safari hii mahali pake. Alisikiliza macho wazi. Nilipomaliza alininyooshea mkono nimsogezee ufa, akaugusa, akaanza kunieleza kana kwamba mimi sikuwepo: ilianguka siku fulani kutoka juu ya kabati, ikavunjika hapa, ilitengenezwa mara mbili, ya kwanza vibaya. Alinieleza kama mwuzaji anavyomweleza mnunuzi.

"Sasa umejua yote," akasema. "Unanunua au hununui?"

Niliuliza bei. Akataja ile ya kwanza kabisa, ya kwenye picha. Nikamlipa. Tukashikana mikono, yeye kwa ule mzima, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya hasira aliniita Mwalimu.

Nilimtafuta mama nimuage. Nilimkuta nyuma ya nyumba akichagua viazi, vikubwa kando, vidogo kando. Nilimuuliza habari zake. Alisema ni nzuri. Nikasema nimefurahi kwamba mambo yamekaa sawa.

"Yamekaa," akasema. Alikisafisha kiazi kimoja kwa kidole. "Hajanipigia kelele hata siku moja. Lakini siku hizi nikitoka sokoni, au nikitoka kwa daktari na karatasi zake, ananiuliza, 'Ni hayo tu?' Namwambia ni hayo tu. Ananiangalia. Halafu baada ya chai ananiuliza tena."

Nilisimama na gitaa mgongoni, nikitafuta neno la kumwambia. Nililotaka kusema ni kwamba afadhali hivyo. Sikuwa na hakika nalo, na si mimi niliyekuwa nikiulizwa kila jioni.

"Utabeba viazi?" akauliza.

Nikasema nitabeba. Akatafuta mfuko, akanijazia kutoka fungu la vile vikubwa, akaufunga kwa kamba mara mbili. Kisha akakaa tena kwenye kigoda chake na kuendelea kuchagua.